Projekta ya marehemu mzee inawaka, ila riili moja inarukaruka. Ubovu ni wa mashine au wa filamu?

#1 MwanaTanga
Wakuu, salaam. Tulikuwa tunapanga vitu vya marehemu mzee hapa Tanga, kwenye kabati la chini tukakuta kamera ya sinema ya kizamani, Quarz, ile ya kujaza kwa ufunguo, haina betri hata moja. Pembeni yake projekta ya Eumig, chuma tupu, nzito, na riili kadhaa kwenye mikebe. Mzee alisoma Moscow miaka ya 60, kamera alirudi nayo. Projekta aliinunua Dar kwa mtu aliyekuwa anahama nchi.

Nimeichomeka. Mota inazunguka na taa inawaka! Riili karibu zote zinapita vizuri ukutani, ila watu wanatembea mbiombio. Tatizo ni riili moja tu, ambayo mama anasema ndiyo ya harusi ya shangazi. Hiyo picha inaruka juu chini na mashine inapiga ta-ta-ta-ta mpaka naogopa. Mnaojua haya mambo, ubovu uko wapi?

Halafu kihesabio cha kamera kinaonyesha kuna filamu ndani na haijaisha. Nifungue nione?

#2 FundiGerezani
USIFUNGUE. Filamu ya kamera hiyo iko kwenye kiriili kitupu, haina kasha. Ukifungua mchana, mizunguko yote ya nje imekwenda na mwanga.

Na hiyo ya harusi acha kuichezesha. Ile ta-ta-ta ni ukucha wa mashine, ule unaoivuta filamu kwa matundu yake ya pembeni, unaokosa tundu na kugonga filamu yenyewe. Kila unapogonga tundu linachanika kidogo. Filamu za nyumbani hazikuwa na negativu, ile iliyopita ndani ya kamera ndiyo hiyohiyo unayoipitisha kwenye projekta. Ikichanika, basi.

Tundu la katikati ya riili lina ukubwa gani?

#3 KijanaWaMtwara
Mimi nimefuata harusi tu. Pilau ilikuwepo?

#4 Odhis_254
Hii kitu naijua vizuri. Milimita 8 ziko mbili. Ya kwanza Kodak walitoa 1932, siku hizi inaitwa Standard 8. Ya pili ni Super 8 ya 1965, inakuja ndani ya katriji, unabandika kwenye kamera na kuanza kupiga. Upana wa filamu ni uleule, ndiyo maana watu huchanganya. Lakini hatua kutoka fremu (picha) moja hadi nyingine ni milimita 3.81 kwa Standard na 4.23 kwa Super. Ukipitisha Super kwenye mashine ya Standard, ukucha unatua mahali ambapo hakuna tundu. Matokeo yake ni hayo anayoyaeleza mwenye uzi.

Naweka pesa mezani: riili ya harusi ni Super 8. Fundi ameuliza swali la maana, riili za Standard zina tundu dogo katikati, za Super lina nusu inchi.

#5 MwanaTanga
Yote ni madogo, pamoja na la riili ya harusi. Kwa hiyo Odhis pesa ilete.

#6 Odhis_254
Pole pole bro. Riili si filamu. Mtu anaweza kuhamisha filamu yoyote kwenye riili yoyote. Toa kama futi moja hivi ya mwanzo, ishike pembeni, usiguse katikati, iangalie dirishani. Matundu ya Standard ni makubwa na yako sawa na mstari unaotenganisha fremu. Ya Super ni madogo na yako usawa wa katikati ya picha.

#7 Mzee_wa_Riili
Vijana mnakwenda vizuri. Niongeze kidogo ili mwenye uzi aelewe kamera ya mzee wake. Hiyo Standard 8 kiwandani ilikuwa filamu pana ya milimita 16. Unapiga futi 25 upande mmoja, unafungua kamera kivulini, unageuza kiriili, unapiga upande wa pili. Maabara ndiyo huichana katikati na kuiunga, unapata futi 50. Hesabu yake ni fremu 4,000, kwa spidi ya fremu 16 kwa sekunde ni dakika 4 na sekunde 10. Ndiyo maana wazee walikuwa hawapigi ovyo. Harusi nzima ilikaa ndani ya dakika nne.

Quarz zilitengenezwa Krasnogorsk, kiwanda kilekile cha kamera za Zenit. Tahadhari moja: siyo zote ni Standard, Warusi walitoa na za Super 8 baadaye. Jina pekee lisitumike kama ushahidi.

#8 MwanaTanga
Shikamoo mzee, asante. Nimeangalia kwa tochi. Matundu ni makubwa na yako kwenye mstari kati ya fremu na fremu. Riili inayorukaruka na zisizoruka zote zinafanana.

#9 KijanaWaMtwara
Odhis, namba ya kutuma muamala nikupe au unayo?

#10 BiMkunazini
Asalaam aleikum. Mbona hamjamuuliza kuhusu harufu? Fungua mkebe, nusa. Ikinuka siki, filamu inakufa. Besi ya filamu nyingi za zamani, yaani plastiki inayobeba picha, ni asetati, na asetati ikikaa kwenye joto na unyevu inaanza kutoa asidi ya siki. Asidi hiyo nayo inaharakisha kuoza, na mkebe uliofungwa kabisa unaibana mlemle ndani. Mwisho filamu inasinyaa, inajikunja, inakuwa kama ganda la muwa. Tanga na Unguja ni hali moja, joto na chumvi.

Filamu ikisinyaa matundu yanakaribiana, ukucha unakosa. Hilo ndilo jawabu lako, mwanangu. Mashine haina neno.

#11 Chuma_Chakavu
Ngoja, hizi filamu za zamani si ndizo zinalipuka? Nilisikia kumbi za sinema ziliungua huko nje. Mwenye uzi asije akaunguza nyumba.

#12 Mzee_wa_Riili
Hapana. Zilizokuwa zinaungua vile ni za nitrati, za milimita 35 za kwenye kumbi, na zilikwisha kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 50. Milimita 8 ilikuwa ya asetati tangu siku ya kwanza, makusudi kabisa, maana ilikuwa ya sebuleni kwa watu. Tafuta neno SAFETY pembezoni mwa filamu za Kodak utaliona. Inaweza kuyeyuka fremu moja ikisimama mbele ya taa, lakini haitalipuka.

#13 MwanaTanga
Nimenusa. Ya harusi inanuka siki kwa mbali. Lakini kuna nyingine inanuka ZAIDI na hiyo inapita bila shida yoyote! Sasa bi mkubwa hapo imekaaje?

#14 FundiGerezani
Hapo sasa. Harufu peke yake haitoshi, lazima upime. Chukua rula ndefu ya chuma. Laza filamu bila kuivuta, hesabu fremu 100, pima kutoka tundu la kwanza hadi la mia moja na moja. Filamu mpya ya Standard 8 inatoa milimita 381. Ukipata 377 imesinyaa kama asilimia 1, hapo usiipitishe kwenye projekta tena. Wenye Super 8 namba yenu ni 423.

Ila mimi kura yangu iko kwenye geti. Geti ni kale kamwanya filamu inapopita mbele ya taa. Miaka yote hiyo utando wa picha unabanduka kidogo kidogo na kuganda pale, unakuwa mgumu. Filamu iliyonyooka inapita, iliyojikunja kidogo inakwama. Fungua lenzi, safisha geti kwa kijiti cha mti (toothpick za mama lishe zinatosha) na pamba yenye spiriti. Usiguse na bisibisi wala wembe. Ukikwaruza geti, kila filamu itakayopita itapata mstari toka mwanzo hadi mwisho.

#15 Odhis_254
Na mkanda? Mikanda ya mpira ya enzi hizo huwa inayeyuka kuwa lami. Hapa Luthuli Avenue, Nairobi, napata mikanda ya redio kaseti, unapima mzingo kwa uzi, unapunguza kidogo ili ibane, unaenda nao dukani.

#16 FundiGerezani
Mkanda ukilegea, mashine nzima inapungua spidi, kwa riili zote. Hauchagui harusi. Soma malalamiko ya mteja kabla hujaanza kufungua skrubu.

#17 DadaWaKizingo
Wakuu, samahani naingilia. Mimi nina Canon 514XL ya Super 8, nimeipata Mombasa kwa jamaa anayeuza vyombo vya wazungu waliohama. Sehemu ya betri imejaa unga wa kijani na mweupe. Kuna mtu kaniambia nioshe kwa magadi, mwingine kasema siki. Nani mkweli?

#18 FundiGerezani
Inategemea betri iliyovuja. Alkalaini zinavuja alkali, kwa hiyo unatumia siki au ndimu, tone moja kwenye pamba iliyokamuliwa. Zile betri za bei rahisi za zamani, za zinki na kaboni, uchafu wake una asidi, hizo ndizo za magadi. Ukiweka magadi juu ya alkali unapoteza muda tu. Baadaye pitisha spiriti, kausha, piga msasa laini kwenye chuma. Waya ulioliwa kwa ndani ubadilishe.

#19 BiMkunazini
Na lenzi umeiangalia, dada? Washa tochi upande mmoja, chungulia upande wa pili. Ukiona vijiuzi kama utando wa buibui, hao ni fangasi.

#20 DadaWaKizingo
Wapo. Wamejaa. Jirani kaniambia niifukie kwenye mchele.

#21 KijanaWaMtwara
Mchele ni wa ile harusi, usiuguse.

#22 BiMkunazini
Mchele hauui fangasi na vumbi lake litaingia kwenye gia. Mafundi husafisha vioo kwa mchanganyiko wa haidrojeni peroksaidi na amonia, kwa kiasi kidogo, dirisha wazi. Lakini wakikaa muda mrefu huwa wanakula ule mng'aro wa juu ya kioo, na hapo hata ukiwaondoa alama inabaki. Picha bado itatoka, itakuwa laini kidogo ukipiga kinyume na jua. Baada ya hapo hifadhi na vile vipakti vya silika vya kwenye viatu vipya.

Fangasi wakiwa juu ya filamu yenyewe, maji marufuku. Wanakula jelatini, na jelatini iliyoliwa inayeyuka kwenye maji. Utabaki na plastiki nyeupe.

#23 Pwani_Mrefu
Jua linaua fangasi. Anika kamera saa moja kila asubuhi. Babu yangu alifanya hivyo na darubini yake mpaka anafariki.

#24 FundiGerezani
Jua linaua fangasi kweli, na linalainisha gundi ya lenzi na grisi pia. Grisi ikishuka kwenye mabawa ya lenzi, umebadilisha ugonjwa mmoja kwa mwingine.

#25 Pwani_Mrefu
Darubini ipo mpaka leo.

#26 Jinja_Leicester
Wapenzi wanajamvi, nimesoma uzi huu wote kwa mfululizo. Mimi mzaliwa wa Jinja, tulitoka Uganda 1972 kwenye zile siku 90 za Amin kwa Waasia, sasa niko Leicester. Baba yangu alikuwa akipiga Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, anaweka kwenye kimfuko cha manjano na kuituma kwa posta mpaka Hemel Hempstead hapa Uingereza. Bei ya kusafisha ilikuwa ndani ya bei ya filamu. Unasubiri wiki nyingi, inarudi kwenye kisanduku, jioni ile majirani wote wanakuja, shuka jeupe ukutani.

Tulipoondoka projekta ilibaki. Filamu mama alizificha katikati ya nguo za watoto. Miaka ya 90 kaka yangu akazipeleka kwa mtu aliyezionyesha ukutani na kuzirekodi kwa kanda ya video, kisha kaka akatupa filamu zenyewe akisema sasa ni takataka. Leo kanda ya video haisomeki, picha inapepesa mwanzo mwisho. Kodachrome, ikikaa gizani, rangi zake hazififii kirahisi. Zingekuwa nyekundu zilezile za sari za wakati ule.

Kijana wa Tanga, ukishazirekodi, mikebe usiitupe.

#27 MwanaTanga
Shikamoo. Nimekuelewa, hazitupwi.

#28 MuscatKahawa
Ahlan. Jinja kagusa penyewe. Kwetu ilikuwa hivyohivyo ila 1964, na toka Unguja. Mjomba alianza kupiga sinema akiwa tayari huku Ghuba miaka ya 70, na kamera ya Fuji. Sanduku limekaa stoo bila kiyoyozi, joto la Maskati mnalijua, na filamu zimetoka zimenyooka hazina harufu. Kwa hiyo sikubali kwamba joto ndilo linaloua. Nadhani ni unyevu tu.

#29 Mzee_wa_Riili
Hiyo ya mjomba wako itakuwa Single-8, Fuji waliitoa 1965 kushindana na Super 8. Besi yake ni poliesta, siyo asetati, na poliesta haishikwi na ugonjwa wa siki, iwe Maskati iwe Mkunazini. Inapita kwenye projekta ya Super 8 bila shida. Ila ikikatika usiiunge kwa gundi ya filamu, haishiki. Tumia utepe. Na ukiing'ang'aniza kwenye mashine iliyokwama, asetati hukatika, poliesta haikatiki, kinachovunjika ni gia.

#30 MuscatKahawa
Basi nimenyamaza. Ila unyevu bado nausimamia.

#31 Odhis_254
Mimi nasubiri vipimo vya rula. Na swali la watu kutembea mbio hakuna aliyelijibu. Nadhani projekta iko kwenye fremu 24, filamu ilipigwa 16. Mtu wa kawaida anakuwa Kipchoge.

#32 FundiGerezani
Au kamera yenyewe. Spring ikichoka, au grisi ikiganda, kamera inapiga fremu chache kwa sekunde, ukionyesha kwa spidi ya kawaida watu wanakimbia. Ukitaka kujua, angalia mwanzo na mwisho wa kila kipande. Kama watu wanazidi kukimbia kadiri kipande kinavyoelekea mwisho, ufunguo ulikuwa unaisha nguvu.

#33 Mzee_wa_Riili
Au mzee alichagua spidi ndogo kwa makusudi ili filamu imtoshe. Quarz zina kichagua spidi. Futi 50 zilikuwa ghali, wengi wetu tulifanya hivyo.

#34 Chuma_Chakavu
Au zamani watu walikuwa na haraka.

#35 MwanaTanga
Haya wakuu, ripoti. Nimesafisha geti kwa kijiti na spiriti. Kimetoka kigamba cheusi kigumu kama punje ya pilipili manga, kilikuwa kona ya chini. Fundi hapo heshima yako. Rula: ya harusi fremu 100 zimetoa milimita 379. Ile inayonuka zaidi imetoa 379 hivihivi, labda pungufu ya nusu.

Sijaipitisha tena ya harusi. Nimejaribu ile nyingine, imetulia kuliko mwanzo.

#36 BiMkunazini
379 ni nusu asilimia. Imesinyaa. Nilisema.

#37 FundiGerezani
Nusu asilimia mashine nyingi zinavumilia. Kile kigamba ndicho kilikuwa mchawi. Nilisema.

#38 Odhis_254
Hamjajibu kitu hapo. Zimesinyaa sawasawa, moja inaruka nyingine hairuki, na kigamba kilikuwepo kwa zote mbili. Kuna kitu cha tatu. Maungio! Harusi lazima ilikatwakatwa na kuungwa. Gundi ya zamani hukauka na kunyanyuka, kila ungio likifika getini filamu inaruka na kitanzi (ule mlegeo wa filamu karibu na geti) kinapotea. Kitanzi kikishapotea, kinachofuata chote ni ta-ta-ta mpaka usimamishe.

#39 MwanaTanga
Maungio yapo kweli, nimeyahisi kwa kidole, manne. Lakini kuruka kunaanza kabla ya ungio la kwanza.

#40 Mzee_wa_Riili
Niwape kipimo kimoja mnachokisahau nyote. Wakati inaruka, usiangalie watu, angalia ukingo mweusi wa fremu. Kama ukingo umetulia na picha inaruka ndani yake, kosa limepigwa humo humo ndani ya kamera siku ya harusi, na hakuna fundi duniani atakayeliondoa kwenye projekta. Kama ukingo nao unaruka pamoja na picha, hilo mara nyingi ni la projekta au la matundu.

#41 MwanaTanga
Hilo naweza kulijibu bila kuipitisha tena, nilirekodi kwa simu mara ya kwanza. Nimeangalia taratibu. Mwanzo ukingo umetulia na watu wanatetemeka ndani yake. Kuanzia wanapoingia wapiga tarumbeta, ukingo nao unaruka, na ndipo ta-ta-ta inaanza.

#42 KijanaWaMtwara
Tarumbeta ndizo zimeharibu. Uzi ufungwe.

#43 Odhis_254
Kwa hiyo ni kamera NA kitu kingine. Sawa, Mzee wa Riili kashinda nusu, nusu bado iko mezani na mimi naweka maungio ya upande wa pili, yale ambayo huyaoni kwa kidole.

#44 FundiGerezani
Mimi nataka aiangalie sehemu hiyo ya tarumbeta kwa lenzi ya kukuzia, matundu yake. Pengine mtu mwingine aliichana hapo miaka arobaini iliyopita.

#45 DadaWaKizingo
Kwani harusi ni ya mwaka gani? Filamu hazina tarehe?

#46 Mzee_wa_Riili
Za Kodak zina alama ndogo pembezoni, duara, mraba, pembetatu. Zinaonyesha mwaka wa kutengenezwa, siyo wa kupigwa, na zinajirudia kila baada ya miaka 20. Kwa hiyo alama ya 1957 ni hiyohiyo ya 1977. Lazima utafute kitu kwenye picha cha kukata mzizi wa fitina.

#47 MwanaTanga
Alama zipo, mraba na pembetatu, nitazipiga picha. Mama anasema 1973 au 74. Shangazi anasema 1976. Msafara unapita Kariakoo, Dar.

#48 Gongo_la_Mboto_Asilia
Kumbe rahisi. Soko linaonekana? Jengo la msanifu Beda Amuli, lile lenye mapaa kama miavuli, lilifunguliwa 1975. Kama miavuli ipo juu na watu wanaingia na vikapu, shangazi yuko sahihi.

#49 MwanaTanga
Kuna zege linaonekana nyuma ya gari sekunde moja hivi. Sijui ni ujenzi au limekwisha. Wataoneshana wenyewe Idi.

#50 Odhis_254
Na ukirekodi upya kwa simu, punguza kupepesa: projekta nyingi za milimita 8 zina shata (kile kinachozunguka na kukata mwanga) ya mabawa matatu. Ukiiendesha kwa fremu 16 na theluthi mbili kwa sekunde unapata mimweko 50 kamili. Weka simu kwenye fremu 25, shata 1/50, mwanga unatulia. Jinja, nadhani kanda ya kaka yako ilikosa hilo tu.

#51 Jinja_Leicester
Huenda. Asante mwanangu. Siku hizi kuna vimashine vinavyopiga fremu mojamoja, havina ukucha mkali wala taa ya moto. Kwa filamu iliyosinyaa ningeanzia huko.

#52 FundiGerezani
Naunga mkono. Ila mchunguze mtu kwanza. Binamu yangu alimpa jamaa mmoja mjini, zikarudi zimekunjwa kwenye mfuko wa rambo na mbili hazikuonekana tena.

#53 Chuma_Chakavu
Na filamu mpya ya kupigia bado inatoka? Nilijua Kodak walishafunga.

#54 DadaWaKizingo
Kodachrome ndiyo iliyokwisha, maabara ya mwisho, iliyoko Kansas, iliacha kupokea mwisho wa 2010. Ektachrome, nyingine ya rangi ya Kodak, ilirudi 2018, na ipo ya Super 8. Kodak wametoa hata kamera mpya ya Super 8, ilipotoka bei ilikuwa dola 5,495.

#55 Chuma_Chakavu
Dola elfu tano?? Nanunua bajaji na chenji ya mafuta.

#56 MwanaTanga
Bado ile iliyo ndani ya Quarz. Nifanyeje?

#57 Mzee_wa_Riili
Kama ni ya Kisovieti, Svema nyeusi na nyeupe, inaweza kusafishwa nyumbani hata leo kama negativu, kwa dawa za kawaida na tangi la LOMO la kuzungushia filamu. Picha itakuwa na chengachenga, lakini mara nyingi kitu hutoka. Kama ni Kodachrome, rangi usahau, itatoka nyeusi na nyeupe tu.

#58 BiMkunazini
Asijaribu nyumbani. Baba alikuwa na AK 8 ya Ujerumani Mashariki, enzi Wajerumani hao wanajenga nyumba za Kikwajuni hapa Unguja, na filamu za ORWO. Ya mwisho ilibaki ndani, tuliituma nje kwa watu wanaosafisha za kale. Tumepata vivuli vya watu ufukweni, basi. Lakini sura ya bibi ipo.

#59 Mzee_wa_Riili
Nyumbani anaweza kukata kipande cha mwanzo gizani, akajaribu hicho kwanza. Nje huwezi kuwaambia wajaribu kipande.

#60 BiMkunazini
Unaweza. Waandikie.

#61 Parokia_Songea
Wakuu, naomba kuuliza hapahapa. Parokiani kuna projekta kubwa ya milimita 16 ya wamisionari, nyuma imeandikwa 115V. Kijana wa kwaya ameichomeka ukutani sasa hivi, taa imewaka kali sana halafu imezima, inatoa moshi mweupe. Ni kawaida?

#62 FundiGerezani
Chomoa. Umeme wetu ni 230, ilitaka transfoma ya kushusha. Ikipoa fungua uzi wako, weka na picha ya nyuma ya mashine.